Maswali ya Wasomaji: Hifadhidata Inapokataa Kuitika

Kati ya barua zilizotufikia tangu toleo lililopita, tano zilihusu jambo moja: programu iliyoandikwa kwa lugha ya PHP inashindwa kuzungumza na hifadhidata ya MySQL, au inazungumza nayo kisha inaficha yaliyotokea. Nimeamua kuzijibu zote hapa kwa sababu majibu yake yanategemeana. Wasomaji wawili wanatumia MariaDB, ambayo ilichipuka kutoka kwa MySQL mwaka 2009, na namba za hitilafu nitakazozitaja ni zilezile kwa zote mbili.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa teknolojia ya habari na ninaishi Kondele, Kisumu. Nimemwandikia mama mmoja anayeuza leso na vitambaa katika soko la Kibuye programu ya kuhesabu bidhaa zake. Kwenye kipakatalishi changu, ambako nimeweka XAMPP, furushi la kuendeshea PHP na hifadhidata kwenye kompyuta yako mwenyewe, programu inafanya kazi bila shida. Nilipoipeleka kwenye seva tuliyoikodi ilitoa hitilafu 1045. Rafiki yangu akanishauri nibadilishe anwani ya hifadhidata kutoka localhost iwe 127.0.0.1, nayo ikatoa 2002. Tangu hapo nimebadilisha mambo mengi hata sikumbuki hali ya mwanzo ilikuwaje. Nifanye nini?

JIBU: Rudisha kwanza ile anwani ya localhost, kwa maana ulipopata 1045 ulikuwa karibu na lengo kuliko ulivyo sasa.

Muunganisho wa hifadhidata hupita hatua kadhaa zinazofuatana, na kila hatua ina namna yake ya kukataa. Programu huanza kwa kuitafuta mashine ilipo. Ikiipata hubisha kwenye poti, yaani mlango wa mtandao wenye namba, ambayo kwa MySQL huwa 3306 isipokuwa mtu ameibadilisha. Seva ikiitika humwuliza mgeni jina na nywila. Ikiridhika hutazama kama hifadhidata anayoitaka ipo na kama anaruhusiwa kuingia. Na mwisho ndipo amri ya kwanza ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, hupokelewa. Hitilafu 2002 hutokea mwanzoni kabisa, kabla seva haijajua kwamba kuna mtu mlangoni. Hitilafu 1045 hutokea katikati, seva inapokuwa imekwisha kuitika na kukuuliza wewe ni nani, isiridhike na jibu lako. Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako, ingawa aliutoa kwa nia njema, ulikurudisha nyuma hatua mbili.

Sasa isome ile 1045 hadi mwisho, maana wengi huishia kwenye namba. Ujumbe wake hutaja jina la mtumiaji aliyekataliwa, mahali alipotokea, kisha humalizia kwa kusema kama nywila ilitumwa, ukiandika YES au NO. Ukikuta NO, tatizo haliko kwenye hifadhidata hata kidogo. Ni programu yako ambayo haikutuma nywila yoyote, na mara nyingi sababu ni faili ya mipangilio ambayo haikupakiwa kwenye seva au imewekwa katika saraka nyingine. Nina sababu ya kushuku hilo kwako: XAMPP huja na mtumiaji anayeitwa root asiye na nywila, na mwanafunzi aliyezoea hali hiyo husafiri nayo hadi kwenye seva ambako haikubaliki.

Ukikuta YES, tazama jina lenyewe. Seva nyingi za kukodi zinazosimamiwa kwa cPanel, yaani kurasa za kuendeshea seva kupitia kivinjari, huongeza jina la akaunti yako mbele ya kila mtumiaji na kila hifadhidata unayoiunda, kwa hiyo uliyemwita duka anaweza kuwa leo2024_duka, nawe ukiandika duka pekee utakataliwa kwa haki. Tazama pia mahali. Kwa MySQL, mtumiaji ni jina pamoja na mahali anapotokea. Duka anayetoka localhost na duka anayetoka kwenye mashine nyingine ni akaunti mbili tofauti, kila moja na nywila yake na ruhusa zake. Ukivuka hapo halafu ukapata 1044, akaunti yako haikupewa ruhusa juu ya hifadhidata hiyo. Ukipata 1049, hifadhidata ya jina hilo haipo, pengine kwa sababu hiyohiyo ya jina la akaunti kutangulia.

Kuhusu 2002, nakuomba usiiamini namba peke yake. PHP hutumia namba hiyo kwa mashaka yasiyofanana, na maneno yanayoifuata ndiyo yanayotofautisha. Yakisema kwamba hakuna faili wala saraka ya jina hilo, PHP ilikuwa ikitafuta soketi, yaani faili maalumu ambayo programu mbili zilizo katika mashine moja ya Linux huitumia kuzungumza bila kupitia mtandao, na haikuikuta. Ama MySQL haijawashwa, ama soketi yake iko kwingine. Yakisema muunganisho umekataliwa, mashine imepatikana lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Yakisema muda umekwisha, mara nyingi kuna kizuizi cha mtandao kinachomeza ujumbe wako bila kujibu, au anwani si sahihi. Jina la mashine likikosewa herufi moja, nalo huweza kuja na 2002 hiyohiyo likilalamikia kutotambulika kwa jina.

Tofauti kati ya localhost na 127.0.0.1 imo humo humo. Kwenye Linux, ukiandika localhost, PHP hupitia soketi, ukiandika 127.0.0.1, hupitia mtandao kwenye poti, hata kama mashine ni ileile. Wenye seva wengi hufunga njia ya mtandao kwa usalama na kuacha soketi tu, ndiyo maana badiliko lako dogo lilizaa hitilafu mpya kabisa.

Baada ya hayo, jaribu kuunganisha bila PHP. Ingia kwenye seva ileile, si kutoka kipakatalishi chako, na utumie programu ya mysql ya mstari wa amri ukiwa na jina, nywila na anwani zilezile. Ikikataa, acha kugusa msimbo wako. Ikikubali, andika faili ya PHP yenye mistari mitano inayounganisha tu na kuuliza saa ya seva, kisha ulinganishe na programu kubwa. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na uandike kwenye karatasi ulichobadilisha na ujumbe uliopata, neno kwa neno.

SWALI: Tovuti ya kikundi chetu hapa Bungoma husema kuna miunganisho mingi mno, namba 1040, hasa siku ya mkutano wa wanachama. Je, tuongeze kiwango?

JIBU: Kiwango cha kawaida ni miunganisho 151 kwa pamoja, na kwa kikundi cha ukubwa wenu inatosha na kubaki. Kabla ya kuongeza chochote, ingieni kwenye seva kwa akaunti ya msimamizi, ambayo MySQL huitunzia nafasi moja ya ziada kwa ajili ya dharura za namna hii, mkatoe amri ya SHOW PROCESSLIST, inayoorodhesha miunganisho iliyo wazi. Mkiona mistari mingi yenye neno Sleep, yaani miunganisho isiyofanya kazi yoyote, pengine kuna mahali msimbo unafungua muunganisho mpya ndani ya kitanzi, sehemu inayojirudia, kwa mfano mmoja kwa kila mwanachama anayeorodheshwa, badala ya kufungua mmoja mwanzoni na kuutumia hadi mwisho. Tengenezeni hapo kwanza.

SWALI: Tuna duka la pembejeo mjini Kakamega. Fundi aliyetuandikia programu ya mauzo alihamia nje ya nchi. Seva ilipoboreshwa kutoka PHP 7.4 hadi 8.1, kurasa kadhaa zilianza kukatika na kuonyesha ukurasa mweupe. Kijana mmoja alizirudisha kwa kuzungushia baadhi ya amri try yenye catch isiyo na kitu ndani. Kurasa sasa zinafunguka, lakini mwisho wa mwezi tulipohesabu stoo tuligundua tofauti. Mbegu na mbolea zinalingana, ila dawa na vyakula vya mifugo havilingani kabisa. Hatujui tofauti hii ilianza lini. Je, tuirudie PHP ya zamani?

JIBU: Msiirudie, kwani PHP mpya ndiyo iliyowaambia ukweli ambao ile ya zamani iliunyamazia.

Hadi PHP 7.4, amri ya SQL iliposhindwa, njia zote mbili za kuunganisha, PDO na mysqli, zilirudisha jibu la kushindwa kimyakimya na programu ikaendelea na mstari unaofuata, isipokuwa mwandishi awe amekumbuka kuuliza. PHP 8.0 ya Novemba 2020 ilibadilisha desturi hiyo kwa PDO, na PHP 8.1 ya Novemba 2021 ikaibadilisha kwa mysqli: sasa amri ikishindwa hutupwa eksepsheni, yaani ishara inayosimamisha kazi na kupanda ngazi kwa ngazi ikitafuta sehemu ya msimbo iliyojitolea kuishughulikia, ambayo huandikwa catch na hufuata try iliyozungushiwa amri. Ikikosa wa kuipokea, programu hufa. Ule ukurasa mweupe ulikuwa kifo hicho, na maelezo yake yote yaliandikwa katika daftari la hitilafu la seva, ambalo nadhani hakuna aliyelifungua.

Kwa hiyo kurasa hizo hazikuharibika siku ya kuboresha. Zilikuwa zikishindwa tangu zamani. Kijana wenu aliziba mdomo wa shahidi. Catch tupu huipokea eksepsheni na kuitupa, na muuzaji huambiwa mauzo yamehifadhiwa ilhali hayakuhifadhiwa. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nami niliwahi kuandika catch tupu katika programu ya duka moja mjini Nakuru, nikikusudia kuijaza baadaye, na mwenye duka akapoteza mauzo ya siku tatu ambayo hatukuweza kuyarejesha hata kwa risiti.

Sasa tutazame kwa nini ni bidhaa za mifugo peke yake. Mlinitumia sehemu ya msimbo, na nimeona kwamba jina la bidhaa linaunganishwa moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, likizungushiwa alama moja ya kunukuu kila upande. Sasa andikeni hapo dawa ya kupe wa ng'ombe. Ile alama iliyomo ndani ya neno ng'ombe, ambayo sisi tunaihitaji ili tusiseme ngombe, MySQL huiona kama mwisho wa maandishi, na yanayobaki baada yake huonekana kama amri isiyoeleweka. Hitilafu yake ni 1064. Mbegu ya mahindi na mbolea ya kupandia hazina alama hiyo, zikapita salama. Kama mna wateja wa mkopo wanaoitwa Ng'ang'a, Ng'eno au Nyang'au, chunguzeni na akaunti zao leo hii.

Dawa yake ni kuandika amri zenye nafasi zilizotengwa. Katika PDO unatumia prepare, unaweka alama ya kuuliza mahali pa jina, kisha unapeleka jina lenyewe kando kwa execute, hivyo seva haiwezi tena kuyachanganya maneno ya mteja na maneno ya amri. Njia hiyohiyo huwafungia mlango watu wanaoandika vipande vya SQL kwenye fomu kwa makusudi ya kuiba au kufuta data. Mwandishi wa programu za Kiswahili angepaswa kuijua njia hii kabla ya zote, kwa maana lugha yetu yenyewe inaijaribu programu yake kila siku.

Jambo la pili ni kwamba katika msimbo wenu mauzo huandikwa kwa amri mbili: moja inaingiza risiti katika jedwali la mauzo, nyingine inapunguza idadi katika jedwali la stoo. Ya kwanza hutumia namba ya bidhaa, ikafaulu. Ya pili hutumia jina, ikashindwa. Tofauti yenu ilizaliwa hapo katikati. Amri mbili zinazotegemeana hufungwa katika muamala mmoja, yaani kifungu kinachofaulu chote au kushindwa chote: beginTransaction kabla, commit baada ya zote kufaulu, na katika catch kunawekwa rollBack ili hata ile ya kwanza ifutike. Kabla ya kuamini kwamba mmefanikiwa, angalieni aina ya majedwali yenu. InnoDB huheshimu muamala, na ndiyo aina ya kawaida tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010. MyISAM, ambayo bado huonekana kwenye programu za zamani, haijui muamala ni nini, na rollBack juu yake haitengui chochote.

Mnaweza kuuliza kama kila amri izungushiwe try. Hapana. Eksepsheni inakamatwa mahali ambapo kuna la kufanya: pale muamala unapoweza kutenguliwa, pale jaribio linapoweza kurudiwa, au juu kabisa, mahali pamoja kwa programu nzima, ambapo maelezo kamili yanaandikwa kwenye daftari la hitilafu na muuzaji anapewa sentensi fupi ya kweli kama hii: Mauzo haya hayakuhifadhiwa, tafadhali usitoe risiti, mpigie msimamizi na umtajie namba hii. Namba iwe ileile iliyoandikwa katika daftari, ili msimamizi asitafute gizani.

Na muuzaji asionyeshwe ujumbe wenyewe wa hifadhidata. Katika mipangilio ya PHP ya seva ya kazi, display_errors, inayoonyesha hitilafu kwenye ukurasa, izimwe, na log_errors, inayoziandika daftarini, iwashwe. Hili si pambo. Muunganisho wa PDO ukishindwa bila kukamatwa, PHP inaweza kuchapa orodha ya hatua zilizopitiwa pamoja na jina na nywila ya hifadhidata, zikaonekana na kila aliyefungua ukurasa. Toleo la 8.2 la Desemba 2022 lilianza kuificha nywila katika orodha hiyo, ila ninyi mko 8.1. Mnatunza majina, simu na madeni ya wakulima, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 zikivuja na kuhatarisha wenyewe. Kama ukurasa wa namna hiyo uliwahi kuonekana kwenu, badilisheni nywila kwanza, ndipo muendelee na mengine.

SWALI: Mimi ni mhasibu wa shule ya sekondari katika kaunti ya Vihiga. Wazazi hulipa karo kwa M-Pesa na programu yetu hupokea taarifa za malipo moja kwa moja. Wakati mwingine taarifa moja huja mara mbili, na mzazi huonekana amelipa zaidi. Mtaalamu wetu aliweka ukaguzi unaotafuta kwanza kama malipo yapo kabla ya kuyaingiza, lakini bado yanajirudia mara mojamoja.

JIBU: Mhasibu, ukaguzi huo haushiki kwa sababu taarifa mbili zinaweza kufika karibu kwa pamoja. Ya kwanza inauliza kama malipo yapo, inajibiwa hapana. Kabla haijaandika, ya pili inauliza, nayo inajibiwa hapana. Kisha zote zinaandika. Kurudiwa kwa taarifa lenyewe ni jambo la kawaida katika mifumo ya malipo, maana mtumaji asipopata jibu kwa wakati hawezi kujua kama umepokea, hivyo ni salama zaidi kwake kutuma tena kuliko kunyamaza.

Kazi ya kuzuia marudio ikabidhiwe hifadhidata yenyewe. Kila malipo ya M-Pesa yana msimbo wake wa herufi na tarakimu kumi ambao mzazi huuona kwenye ujumbe wa simu. Safu ya msimbo huo iwekewe ufunguo wa kipekee (UNIQUE), unaokataza thamani moja kuingia mara mbili, kisha programu iingize malipo bila kuuliza kwanza. Yakiwa yamekwisha kuingia, MySQL itakataa kwa hitilafu 1062.

Hapa ndipo ninapotaka mtaalamu wako awe makini. Hii 1062 ni hitilafu njema. Inasema kazi ilikwisha kufanyika. Aikamate peke yake, na amjibu mtumaji kwamba taarifa imepokelewa, kwa sababu akijibu kwamba imeshindikana itatumwa tena na tena. Asiitambue kwa ile namba ya jumla 23000 ambayo PDO hutanguliza, maana namba hiyo hufunika pia makosa mengine, kama vile 1452, inayotokea malipo yanapoelekezwa kwa mwanafunzi ambaye hayumo katika jedwali la wanafunzi. Akiyachukulia yote kuwa marudio, karo ya mtoto ambaye namba yake ilikosewa itapotea bila mtu kuuliza. Namba halisi imo katika errorInfo, nafasi ya pili. Hitilafu nyingine yoyote iachwe ipande juu na iandikwe daftarini, na ujumbe asilia wa malipo uhifadhiwe katika jedwali la pembeni ili mhasibu aweze kuusoma kwa macho yake.

Safu ya kiasi cha fedha nayo iwe ya DECIMAL, aina inayotunza tarakimu kamili. Ikiwa ni FLOAT, ambayo hukadiria, senti zitawasumbua siku moja.

SWALI: Chama chetu cha ushirika cha maziwa kiko karibu na Njoro, kaunti ya Nakuru. Mizani imeunganishwa na kompyuta, na programu ya PHP huwashwa mara moja na kuachwa ikiendelea usiku na mchana, ikiandika kilo za kila mkulima kwenye hifadhidata. Maziwa ya jioni huisha kupimwa saa kumi na mbili. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, mkulima wa kwanza anapopima, programu inakufa na kusema seva imeondoka, namba 2006. Tukiiwasha upya inakubali kutwa nzima. Wakulima wa kwanza wamechoka kusubiri, na wengine wanadai maziwa yao hayakuandikwa.

JIBU: Hesabu saa. Kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa kumi na moja, na muda wote huo muunganisho wenu uko wazi bila kusema neno. MySQL ina kipimo kiitwacho wait_timeout, ambacho kwa kawaida ni sekunde 28,800, yaani saa nane. Ilipofika saa nane usiku seva iliukata muunganisho huo kwa kuuona umeachwa, wala haikuijulisha programu yenu, ambayo iligundua ilipojaribu kuandika. Mchana haujawahi kupita muda mrefu hivyo bila kupima, ndiyo maana hamuoni tatizo.

Mnaweza kuongeza kipimo hicho, lakini umeme ukikatika usiku na seva ikajiwasha upya mtarudi palepale. Ni bora programu ijue kuinuka yenyewe. Ikamate eksepsheni, iangalie kama namba ni 2006, ifungue muunganisho mpya, iandae upya zile amri zake kwa prepare kwa sababu za zamani zilikufa pamoja na muunganisho wa zamani, kisha irudie kuandika. Ikishindwa tena isubiri sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, na baada ya majaribio machache ikome na kumwonya karani kwa maandishi makubwa, ili aandike kilo kwenye kitabu. Hitilafu kama 1045 au 1064 isirudiwe hata mara moja. Nywila mbaya haiwi nzuri kwa kusubiri.

Kuna hatari moja katika kurudia. Hitilafu 2006 baada ya ukimya mrefu humaanisha amri haikufika, lakini jirani yake, 2013, humaanisha muunganisho ulikatika amri ikiwa njiani au jibu likiwa linarudi, na hapo hamwezi kujua kama kilo ziliandikwa. Mkirudia bila tahadhari mkulima atalipwa mara mbili, msiporudia atadhulumiwa. Kwa hiyo kila upimaji upewe namba yake ya kipekee wakati mizani inaposomwa, kabla ya kuigusa hifadhidata, na safu ya namba hiyo iwe na ufunguo wa kipekee kama nilivyomweleza mhasibu wa Vihiga. Programu ikirudia na kukutana na 1062, itajua kwamba jaribio la kwanza lilifaulu, na itaendelea na mkulima anayefuata.

Msisubiri alfajiri kujaribu. Adhuhuri, wakati hakuna foleni, ongezeni amri ya SET SESSION wait_timeout = 10 mara tu baada ya programu kuunganisha, washeni, subirini sekunde kumi na tano, kisha wekeni kopo la maji kwenye mizani kwa jina la mkulima wa majaribio. Maji yakiandikwa, na yakaandikwa mara moja tu, ondoeni amri hiyo, futeni rekodi ya kopo, na programu iwe tayari kabla ya maziwa ya jioni.